Kumtafuta Babu Aliyelowea Gisenyi Zama za Mdachi

Familia nyingi za Waswahili wa Gisenyi na Goma zina babu mmoja wa mwanzo. Alitoka Tabora, Ujiji, Bagamoyo au Kasongo. Alikuja na bunduki ya Mdachi, yaani Mjerumani, au na mzigo wa tajiri wake, au na kalamu ya ukarani. Akafika ukingoni mwa Ziwa Kivu, akaoa, akajenga, hakurudi tena. Kama wewe ni kitukuu wake na unataka kumjua kwa ushahidi, si kwa sifa za harusini tu, nakushauri jambo ambalo ndugu zako wa kiume huenda wasilipende: usianze na babu. Anza na bibi aliyemwoa hapa.

Sababu ni hii. Babu alifika peke yake. Jina alilofika nalo pengine alipewa na aliyemwandikisha, au alilipata aliposilimu, na majina ya namna hiyo walikuwa nayo mamia. Hakuwa na kaka wala shangazi Gisenyi wa kusema "huyu ni wetu." Bibi alikuwa nao. Alikuwa na kilima alichozaliwa, ukoo uliojulikana, kaka waliopokea mahari, na shamba ambalo hadi leo kuna mtu analilima. Ukimpata bibi, unampata babu akiwa amesimama kando yake, na tarehe unapata.

Wenzetu wa Marekani wana mchezo wa kinyume. Wazao wa Wapuritani, wale waliofuatana na John Winthrop hadi Massachusetts 1630 na wengine wa miaka ile, wamejaa madaftari: miji yao iliandika vizazi, ndoa, vifo na viwanja tangu mwanzo, na jamii ya wanasaba ya Boston iliyoanzishwa 1845 imezichambua karatasi hizo kwa karibu karne mbili. Jina la ukoo la mwanamume hulifuata kizazi baada ya kizazi. Lakini wake zao mara nyingi wameandikwa jina la kwanza tu, na kwao hakujulikani. Sisi mwanamume ndiye anayepotea. Kwa hiyo vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa ajili yao, vinavyokwambia "fuata jina la ukoo," havitakufaa. Mnyarwanda hakurithi jina la baba yake. Kila mtoto alipewa lake. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata herufi.

Ijue kwanza ardhi yenyewe. Ukifuata barabara ya ufukweni kutoka katikati ya Gisenyi, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto, unaishia Grande Barrière, ambako Wanyarwanda wengi husema La Corniche. Ng'ambo ya kizuizi ni Goma. Juu kidogo, mbali na ziwa, ipo Petite Barrière, ambako akina mama wanaouza nyanya, unga na samaki huvuka asubuhi na kurudi jioni. Leo mstari huu unaonekana wa tangu na tangu. Lakini ulikubaliwa Brussels mwezi Mei 1910 kati ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na wapimaji wakaja kuuweka ardhini 1911. Babu aliyefika kabla ya hapo alikuta nchi ya Bugoyi, yenye watu wa pande zote wanaooana. Usiulize kama alikuwa wa Rwanda au wa Kongo. Kwa miaka ile swali hilo halina jibu. Uliza alilala kilima gani.

Ujue na namna mji ulivyoandikwa. Wajerumani waliandika Kissenji, Wabelgiji Kisenyi, siku hizi ni Gisenyi, na wilaya inaitwa Rubavu tangu mpango mpya wa utawala ulipoanza 2006. Rwanda yenyewe ilikuwa Ruanda. Kwenye majina ya watu, L na R hubadilishana, na sauti ambayo Kinyarwanda cha leo huiandika "cy" mmisionari mmoja aliiandika "ky," mwingine "ch" au "tsh." Kabla ya kufungua daftari lolote, liandike jina unalotafuta kwa kila namna unayoweza kulitamka vibaya.

Wazee kabla ya karatasi

Nenda kwa wazee wa mitaa kama Majengo na Mbugangari. Pitia kwanza kwa mkuu wa mudugudu, yaani wa kijiji, umweleze shida yako, kwa sababu mgeni anayezunguka na daftari akiuliza watu asili zao huzua wasiwasi, na wasiwasi huo una sababu zake. Mpelekee bibi mkongwe sukari au kitenge, mwamkie shikamoo, ukae. Usitoe simu ya kurekodi kabla hajakuzoea, na ukiitoa omba ruhusa.

Kisha usimwulize mwaka. Ukimwuliza bibi wa miaka tisini mama yake alizaliwa lini, atakwambia "zamani," au, vibaya zaidi, atakutajia mwaka ili akufurahishe. Mwulize kuhusu njaa, vita, wafalme na moto wa milima. Nchi hii ina kalenda yake. Rumanura ni njaa iliyoikumba Bugoyi na kaskazini-magharibi yote wakati wa vita vya Mdachi na Mbelgiji na mara baada yake, 1916 hadi 1918. Rwakayihura ni ya 1928 na 1929. Ruzagayura ni ya 1943 na 1944. Mfalme Musinga aliondolewa na Wabelgiji Novemba 1931, na mwanawe Rudahigwa akafariki Bujumbura Julai 1959. Upande wa Goma na Sake, wazee wanaukumbuka moto wa Nyamulagira uliofika hadi ziwani 1938. Baada ya hapo kuna Nyirangongo: Januari 1977, Januari 2002, Mei 2021.

Tazama inavyofanya kazi. Bibi anakwambia: "Mama yangu alikuwa wa mgongoni wakati wa Rumanura, na Ruzagayura ilipoingia alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu." Hapo hapo una mwanamke aliyezaliwa kati ya 1914 na 1918, mwenye watoto wawili kufikia 1943, kwa hiyo ameolewa katikati au mwishoni mwa miaka ya 1930. Sasa rudi kwa babu. Familia inasema alikuwa askari wa Mdachi. Wadachi waliondoka Gisenyi Mei 1916, wakati kikosi cha Kapteni Wintgens, kilichokuwa kimeshikilia mpaka huu tangu 1914, kilipolazimika kurudi nyuma mbele ya Wabelgiji. Kama babu alikuwa askari mtu mzima siku hiyo, basi alimwoa bibi huyu akiwa na miaka arobaini na zaidi. Hilo linawezekana, lakini linakutaka uulize swali jingine kwa heshima: kabla ya bibi huyu, alikuwepo mke mwingine? Au je, bunduki ile ilikuwa ya Mbelgiji, na "Mdachi" akaongezwa baadaye kwa sababu ni wa zamani zaidi na ana sifa kubwa? Mtego mzuri ni mshahara. Mdachi alilipa rupia na hela zake, Mbelgiji alilipa faranga. Wajukuu husahau jeshi, lakini mara nyingi hawasahau babu alikuwa akihesabu fedha gani.

Angalia pia neno "Mmanyema." Watu wengi wa njia za misafara, kutoka Ujiji hadi Kongo, walijiita hivyo au wakaitwa hivyo hata kama wazazi wao hawakuzaliwa Manyema. Ni jina la maisha waliyoishi. Usinunue tiketi ya Kasongo kwa ajili ya neno hilo peke yake.

Kilimani kwa bibi

Ukishapata kilima alikotoka bibi, panda. Hapa kuna hazina ambayo miji haina. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda palikuwa na ubukonde: ukoo uliofyeka msitu wa kwanza ulimiliki ardhi, na waliokuja baadaye walilima kwa ruhusa yao. Maana yake ni kwamba nani ni mjukuu wa nani halikuwa jambo la kupambia mazungumzo. Lilikuwa hati ya shamba. Wazee wa koo hizo hutaja vizazi sita au saba bila kupumzika, na pale walipobishana, mabishano yalifika barazani na wakati mwingine yakaandikwa. Mtu mwenye shamba la kutetea ana kumbukumbu nzuri, lakini pia ana sababu ya kumsahau shemeji fulani. Kwa hiyo usikilize koo mbili, hasa kama hazipatani.

Waulize pia ukoo mpana: Abasinga, Abagesera, Abazigaba, Abungura na wengineo. Mbelgiji Marcel d'Hertefelt alichapisha utafiti wake juu ya koo hizi 1971, akaonyesha kwamba koo zile zile zinakutwa miongoni mwa Wahutu, Watutsi na Watwa. Ukoo hautakupa jina la baba wa bibi, lakini utakupunguzia milango ya kubisha.

Daftari la misheni

Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyundo 1901, karibu na mji, kwenye njia ya kwenda Kigali. Ni mojawapo ya misheni za mwanzo kabisa nchini, baada ya Save na Zaza za 1900. "Lakini bibi yangu alikuwa Mwislamu," utasema. Inawezekana sana, aliyeolewa na Mswahili mara nyingi alisilimu, na jina lake hutalikuta kanisani. Tafuta kaka na dada zake. Mmoja wao alibatizwa, na mstari wake una wazazi wale wale.

Mstari wenyewe ni mfupi na umeandikwa kwa Kilatini: tarehe, jina la ubatizo, jina la kuzaliwa, baba, mama, kilima, msimamizi wa ubatizo, saini ya padri. Watu husoma hapo wakafunga kitabu. Usifunge. Tazama pembeni, ambako pameachwa nafasi. Tangu 1908 sheria ya Kanisa ilitaka ndoa ya kila mbatizwa irudishwe kuandikwa kwenye daftari alikobatizwa, hata kama alifunga ndoa mbali. Pale pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, unaweza kukuta dada wa bibi aliolewa parokia ya ng'ambo, Goma au Masisi, mwaka gani na nani. Mstari mmoja umekuvusha mpaka bila karatasi ya kuvukia.

Msimamizi naye usimpite. Mara nyingi alikuwa jirani, mwalimu wa dini au ndugu aliyetangulia kubatizwa; jina lake likijirudia kwa watoto watatu wa nyumba moja, huyo ni mtu wa familia. Kumbuka pia kwamba kwa Mapadri Weupe mtu mzima alikaa katika mafundisho takriban miaka minne kabla ya maji. Aliyebatizwa 1912 alianza kusogea misheni yapata 1908.

Andika barua kwa parokia kabla ya kwenda, ueleze unatafuta miaka gani, na usitarajie kuachiwa daftari mkononi. Mapadri hawa pia waliandika shajara ya kila misheni, siku kwa siku, na nakala zao ziko kwenye nyumba kuu ya shirika, Roma. Hapo kuna mtego ambao umewapoteza wengi. Kabla ya 1912 misheni za Rwanda zilikuwa chini ya vikariati ya Nyanza ya Kusini, ya Askofu Hirth, kwa hiyo barua za Rwanda zimo humo pamoja na za Mwanza na Bukoba. Kuanzia Desemba 1912 hadi 1922, vikariati iliyoitwa "Kivu" ni hii ya Rwanda na Burundi. Baadaye jina hilo likahamia upande wa Kongo, Bukavu. Ukiagiza "Kivu" bila mwaka, utaletewa nchi nyingine. Nyundo ilipata askofu wake 1952, Aloys Bigirumwami; Goma ikawa vikariati 1959, na karatasi zake za kabla ya hapo zitafute Bukavu.

Msikiti, kambi na sanduku la chini ya kitanda

Upande wa Waislamu madaftari ya zamani ni haba. Vyeti vya ndoa vya miongo ya karibuni vipo, lakini zama za Mdachi ndoa ilisimama kwa mashahidi. Faida yako ni jina: "bin" na "binti" huleta baba ndani ya jina, na ukipata hati moja yenye majina matatu umepata vizazi vitatu. Wabelgiji waliwaweka Waislamu kwenye kambi za Waswahili, na kambi ilihitaji orodha na kodi. Makaratasi ya utawala wa Rwanda na Urundi yaliyopelekwa Ubelgiji yako Brussels, sasa chini ya Hifadhi ya Taifa ya huko. Yaliyobaki Rwanda, anza kuulizia Kigali, kwenye Inteko y'Umuco.

Kuhusu askari wenyewe wa Kijerumani, usijipe matumaini makubwa. Hifadhi ya jeshi la Prussia mjini Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945, na majalada mengi ya watu binafsi yaliteketea. Yaliyosalia ya wizara ya makoloni yako Berlin, na majalada ya utawala wa koloni yako Hifadhi ya Taifa, Dar es Salaam. Humo utakuta kituo cha Kissenji, ripoti, fedha, ujenzi, mara chache askari wa kawaida kwa jina. Binafsi ningetumia siku hizo kutafuta sanduku. Katika nyumba za Gisenyi na Goma kuna masanduku ya bati yenye ibuku, kile kitambulisho cha Kibelgiji cha miaka ya 1930. Risiti za kodi. Picha za studio zenye mhuri nyuma. Na kwa waliohamia Kongo, "passeport de mutation," karatasi aliyotakiwa kuwa nayo Mwafrika anayehama uchifu wake, yenye kueleza alikotoka. Piga picha pande zote mbili, pamoja na mikunjo.

Ng'ambo ya kizuizi

Malizia Gisenyi kabla ya kuvuka. Hati za kuvukia hutegemea uraia wako, na utaratibu hubadilika: raia wa nchi za CEPGL, jumuiya iliyoundwa hapa hapa Gisenyi Septemba 1976, wana njia yao, wengine wanahitaji viza. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Ulizia mpakani siku ile ile nani anagonga muhuri na saa ngapi panafungwa. Ujue pia kwamba lava ya 2002 ilipita katikati ya Goma ikachukua kanisa kuu na maelfu ya nyumba. Kwa familia nyingi za mjini, huenda daftari lililo salama ni lile la Nyundo.

Ng'ambo kuna tatizo la majina juu ya tatizo la majina. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na Joseph wa 1960 akageuka mtu mwenye majina ya mababu kwenye hati ya 1974. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na kijiji, usilinganishe jina.

Na kama familia yako ilikwenda Masisi, huenda haikwenda yenyewe. Kuanzia 1937 hadi katikati ya miaka ya 1950 Wabelgiji waliwahamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kwenda Gishari na kwingineko, kufanya kazi mashambani mwa wazungu na kupunguza msongamano wa kwao. Shughuli hiyo ilikuwa na ofisi na orodha zake, kwa hiyo wahamiaji hawa wana karatasi kuliko babu yako wa Tabora.

Lakini angalia ulimi wako. Upande wa Kongo swali "babu yenu alifika lini?" halihusu historia peke yake. Sheria ya uraia ya 1972 iliweka mpaka wa kufika kuwa 1950, ya 1981 ikarudisha hadi Agosti 1885, ya 2004 ikataja uhuru wa 1960. Watu wamepoteza haki, mashamba na maisha kwa sababu ya jibu la swali hilo. Uliza kuhusu watu na ndoa, tarehe utazipiga hesabu mwenyewe jioni. Usisambaze kwenye makundi ya WhatsApp ukoo wa mtu aliye hai bila idhini yake.

Rwanda nako pana mipaka ya heshima. Vitambulisho vya Wabelgiji viliandika Mhutu, Mtutsi, Mtwa, na mwaka 1994 neno hilo moja liliamua nani afe kwenye vizuizi vya barabarani. Ukilikuta kwenye ibuku ya familia, liweke faragha, wala usimwulize mtu la kwake. Usiulize mtu wa 1994 alikufaje. Mwenyeji akitaka kusema atasema, na wewe utafunga daftari. Kama unayemtafuta alipotea mwaka huo, kati ya umati uliovuka kwenda Goma mwezi Julai, peleka habari Msalaba Mwekundu, ambao kuunganisha ndugu ni kazi yao.

Kipimo cha vinasaba nitakipita haraka. Kinaweza kukuonyesha binamu aliyeko Texas ikiwa naye amepima. Jina la babu hakikupi, na watu wa Maziwa Makuu waliomo kwenye hifadhi za vipimo hivyo bado ni wachache.

Kila unachokipata kiandike na mahali ulipokipata: nani alisema, siku gani, mbele ya nani. Pale wazee wawili wanapopingana, andika wote wawili, usiwapatanishe wewe. Chora mti ukianzia na bibi, na babu mweke pembeni yake na alama ya kuuliza hadi uthibitishe ametoka wapi, ndipo uandike barua Tabora au Ujiji, ukiwa na jina la baba yake na mwaka wa kukisia, badala ya "babu yetu alikuwa askari." Nakala chapisha tatu. Moja iache Gisenyi kwa mjomba wa kilimani, moja Goma, na ya tatu mtumie ndugu anayekaa mbali na volkano.